Kiwanda cha Jicho

Jicho alianza kushuku siku wafanyakazi wake walipoanza kuwa na furaha.

Kwa miaka yote aliyoendesha kiwanda chake cha kufulia, alikuwa amezoea nyuso zilizofungwa. Watu waliingia asubuhi, wakavaa maovaroli yasiyo na mifuko, wakasimama kila mmoja mahali pake: wa kupokea nguo chafu huko nyuma, wa mashine kwenye joto, wa pasi kwenye mvuke, wa kukunja kwenye meza ndefu zilizotazamana na ofisi ya vioo. Ndani ya vioo alikaa yeye. Mashuka ya hospitali, mataulo ya hoteli, vitambaa vya meza vya kumbi za harusi, vyote vilipita mbele ya macho yake. Hilo jina la Jicho walilompa kwa siri alikuwa akilijua zamani, wala halikumuudhi. Utotoni alikuwa ameitwa mabaya zaidi.

Basi wiki ile akaona mambo asiyoyaelewa. Mama Pasi, mkuu wa upande wa kunyoosha, mwanamke wa makamo ambaye hakuwa na habari na mtu, alisikika akiimba chini chini. Mtu wa mashine alimwamkia Jicho asubuhi, akamuuliza ameamkaje, kisha akasubiri jibu. Hata dereva wa gari la kupeleka nguo, yule waliyembandika jina la Taratibu kwa jinsi alivyoendesha, alishuka garini akipiga mluzi.

"Hawa wanakula nini siku hizi?" Jicho alimuuliza mlinzi wa getini.

"Chakula kile kile, mama. Labda ni hali ya hewa."

"Hali ya hewa haimchekeshi mtu kwenye joto la pasi."

Mlinzi akatazama viatu vyake. Jicho akaandika moyoni kwamba na mlinzi naye anajua kitu.

Kiwanda chake kilikuwa na taratibu zake. Hakuna aliyekaa na funguo za milango miwili. Watu waliofanya kazi pamoja wiki hii hawakupangwa pamoja wiki ijayo, wasije wakazoeana. Chakula cha mchana kililiwa kwa zamu, mtu mmoja mmoja, kwenye vimeza vilivyotenganishwa kama vya chumba cha mtihani. Gari la Taratibu halikutoka bila mkaguzi pembeni yake. Na jioni, kabla ya kupita getini, kila mtu alifungua mkoba wake mbele ya mlinzi. Mshahara, kwa upande wake, ulitoka kwa wakati. Hilo hata aliyemchukia hakuweza kulikataa.

Aliyemuuliza kwa nini haya yote, alijibiwa kwa kisa kimoja, na Jicho alikisimulia vile vile kila mara, hata kwenye semina za wajasiriamali alikoalikwa kuzungumza. Alipokuwa darasa la nne, baba yake alikuwa na duka la vitambaa, yeye na rafiki yake wa tangu ujana. Baba alikuwa mtu wa kucheka. Asubuhi moja walifika dukani, mtoto kashika mkono wa baba, wakakuta mlango uko wazi na rafu ni tupu, hata fimbo ya kupimia imekwenda. Rafiki hakuonekana tena. Mwezi haukuisha wakahamia kwenye kibaraza cha shangazi, wakalala nyuma ya pazia la magunia, na watoto wa mtaa wakawaita wakimbizi wa kibarazani.

"Baba yangu alikuwa na kosa moja tu," Jicho alikuwa akimalizia. "Alimpa mtu ufunguo kwa sababu anacheka naye."

Ukumbi ulipiga makofi kila mara.

Nyumbani nako hali haikuwa shwari. Mume wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, ndiye aliyezitunza mashine za kiwanda, na kwa siku kadhaa alikuwa akitoka mchana kwenda kutafuta spea. Spea zenyewe hazikuonekana.

Jioni ile walikaa mezani wanne: Jicho, Fundi, binti yao wa sekondari, na mama yake Jicho, ambaye tangu afiwe na mumewe aliishi nao na kuitwa Bibi na nyumba nzima. Fundi alikuwa anakichezea chakula kwa kijiko.

"Mbona huli?" Jicho aliuliza.

"Nimeshiba."

"Umeshibia wapi?"

"Kuna mahali nilipita mchana, nikala."

"Na nani?"

Binti aliinamia sahani yake. Bibi akaomba asogezewe chumvi, ingawa ilikuwa mbele yake.

"Na watu," alisema Fundi.

Fundi alikuwa ametoka kwenye nyumba ya watoto kumi na mmoja. Mama yao alipika kwenye shule ya bweni, na jioni alirudi na makombo ya jikoni akayamwaga kwenye sinia moja, na wote wakalizingira. Alipenda kusimulia habari za sinia lile. Kwetu hakukuwa na sahani ya mtu, alikuwa akisema, ulikuwa unapeleka mkono tu. Macho yake yalimetameta kila alipozisimulia. Alikuwa wa pili kuzaliwa, mwenye mkono mrefu na mwepesi. Kama wale wadogo nao walishiba, hakuwahi kusema, na Jicho hakuwahi kumuuliza.

Baada ya chakula, Fundi alipoingia bafuni, Jicho aliichukua suruali yake kutoka kwenye msumari. Mfuko wa kulia ulikuwa na bisibisi ndogo. Wa kushoto ulikuwa na kitambaa cha kufutia mikono. Akakinusa. Mtu aliyefanya kazi ya udobi maisha yake yote anaijua sabuni yake kama anavyoijua sauti ya mtoto wake, na hii haikuwa yake. Hii ilikuwa na harufu ya ndimu.

"Mfuko wa nyuma bado hujauangalia."

Fundi alikuwa amesimama mlangoni, taulo kiunoni, maji yakimchuruzika.

"Nilikuwa naitoa ikafuliwe," alisema Jicho.

"Suruali zangu huwa nafua mwenyewe, mke wangu. Tangu lini umeshika suruali yangu kwa ajili ya kufua?"

Aliichukua suruali mkononi mwa mkewe polepole, akaugeuza mfuko wa nyuma ndani nje ili auone kuwa mtupu, akairudisha kwenye msumari. Hakugomba. Jicho angependa agombe. Mume asiyegomba, aliwaza akiwa amelala ameuelekea ukuta, ana mahali pengine anakopumulia.

Asubuhi alimwita Mama Pasi ofisini.

"Kaa."

"Nitasimama tu, bosi. Nikikaa mgongo utasahau kazi."

"Siku hizi unaimba."

"Nimekosea?"

"Nauliza tu."

"Basi ni wimbo wa zamani, bosi. Wala maneno yake siyajui yote."

Jicho alimtazama. Mama Pasi alikuwa amefunga kilemba chake kikubwa kama kawaida, kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Kati yao kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelitaja. Miezi michache nyuma mashuka ya hospitali yalipungua, na Jicho akaamuru jioni ile watu wakaguliwe mpaka chini. Mlinzi alimwambia Mama Pasi afungue kilemba. Mama Pasi akaomba akifungulie chumbani. Jicho, akiwa kwenye ngazi ya ofisi, akasema taratibu ni moja kwa wote. Basi akakifungua pale pale, mbele ya wanaume wa mashine, na wote wakaona kwamba ugonjwa ulikuwa umemaliza nywele zake, zimebaki vishungi vya hapa na pale. Hakukuwa na shuka. Siku iliyofuata hospitali ikapiga simu: mashuka yalikuwa yamebaki kwenye stoo yao wenyewe, hayakuwa yamekuja kufuliwa. Jicho akabandika tangazo ukutani kwamba kuanzia sasa hesabu itafanywa mara mbili. Neno la pole halikuwemo.

"Mume wangu anakwenda wapi mchana?" aliuliza sasa, na sauti yake mwenyewe ilimuudhi.

Mama Pasi akarekebisha kilemba. "Bosi, mimi niliajiriwa kunyoosha mashuka. Huyo mwenzio hayumo kwenye mashuka ninayonyoosha."

"Kwa hiyo unajua."

"Naweza kurudi kazini? Pasi imewashwa."

Akaondoka. Jicho aliwatazama kupitia kioo. Mama Pasi alipita karibu na meza ya wakunjaji bila kusimama, bila kugeuza kichwa, lakini meza nzima ilikuwa imeshapata habari. Aliiona habari ikipita kama upepo kwenye pazia.

Mchana, Fundi alipochukua boksi lake la vifaa, Jicho alivaa viatu vya chini akamfuata kwa miguu.

Hakuwahi kumfuata mtu maishani mwake; siku zote alikuwa na watu wa kumfanyia. Alipita mtaa wa wauza betri, akajificha nyuma ya matairi kama mwizi wa kuku, akaona haya, akaendelea. Kichwani alikuwa amekwisha kumwumba huyo mwanamke: mdogo kuliko yeye, mwenye sauti ya kubembeleza, anayeogea sabuni ya ndimu. Alikuwa ameandaa hata maneno ya kumwambia.

Fundi alikata nyuma ya kiwanda cha mbao, akaingia kwenye ghala moja kuukuu lenye mlango wa mabati. Jicho akasogea. Kabla hajaona chochote, akasikia mashine ikizunguka. Aliijua. Ilikuwa na kikohozi chake, inapofika kwenye kukamua inakwama mara moja kisha inaendelea. Mashine hiyo ilikufa mwaka jana. Aliiuza yeye mwenyewe, pamoja na mashine nyingine mbovu, kwa mtu wa vyuma chakavu.

Akasukuma mlango.

Palikuwa na watu wake. Wale wa zamu ya asubuhi, wale waliokuwa likizo, na yule aliyeomba ruhusa ya kumzika bibi yake. Walikuwa wameketi chini kuzunguka sinia kubwa, mikono imekwenda chakulani. Kamba za nguo zilikatiza ghala zima, zimejaa mashuka meupe. Mama Pasi alikuwa miongoni mwao, na kichwa chake kilikuwa wazi. Kilemba alikuwa amekitundika kwenye kamba pamoja na mataulo. Alikuwa akicheka, na alipomwona Jicho mdomo wake ulibaki wazi kicheko kikiwa kimekwisha kutoka.

Taratibu peke yake ndiye aliyeinuka. Alivuta kiti cha pekee kilichokuwamo, akakifuta vumbi kwa kiganja. "Karibu bosi, karibu ukae."

Jicho hakukaa.

"Mashine zangu," alisema.

"Zilikuwa zako," alijibu Fundi. Aliinuka, akajifuta mikono. "Nilikuambia zinataka mkanda na pampu. Ukasema natafuta njia ya kununua spea nipate cha juu. Ulilisema hilo mbele ya watu, mke wangu. Ukaziuza kama chuma. Mimi nikazinunua kwa huyo huyo uliyemuuzia."

"Kwa pesa ya nani?"

"Yangu. Na yao, kila mtu alichokuwa nacho. Tumeandikisha kampuni."

"Mkurugenzi nani?"

Fundi alitabasamu kidogo, kwa haya. "Wote."

"Na ufunguo wa hapa unakaa kwa nani?"

Wakatazamana, kana kwamba ameuliza nani anakaa na ufunguo wa mtoni. Taratibu akaonyesha ukutani. Ufunguo ulikuwa unaning'inia kwenye msumari, karibu na mlango, ambapo hata mpita njia angeweza kunyoosha mkono.

Jicho aliutazama msumari ule kwa muda. Kisha akamgeukia mumewe.

"Nilidhani ni mwanamke," alisema. "Laiti ingekuwa mwanamke. Mwanamke ningejua namna ya kumfukuza."

"Bosi," alisema Mama Pasi kutoka chini, wala hakuinuka. "Hatujakuchukulia mteja hata mmoja. Sabuni tumenunua yetu. Mwisho wa mwezi tutakuja kukuaga kwa adabu, mmoja mmoja, kama unavyopenda."

Jioni alikuwa sebuleni na simu mkononi. Alikuwa na afisa wa polisi anayemfahamu, mteja wa zamani, na maneno yalikuwa tayari mdomoni: njama, wizi, kuvunja uaminifu. Fundi alikuwa hajarudi. Bibi aliingia akakaa kwenye kochi, akaweka miguu juu ya stuli.

"Unampigia nani?"

"Mama, hili la kwangu."

"Unamshtaki baba wa mtoto wako kwa kununua chuma?"

"Kwa kunigeuka! Ni yale yale, mama. Ni yale yale ya baba na yule rafiki yake. Nimejenga kiwanda kizima ili yasinipate, na yamekuja kulala kitandani mwangu."

Bibi alikanda goti lake.

"Lile duka," alisema mwishowe, "unalisimulia vizuri. Nimekusikia redioni. Watu wanapenda."

"Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli. Mlango ulikuwa wazi, rafu tupu. Yule mtu aliiba, sisemi hakuiba. Lakini wewe umeanza kuhesabu kutoka asubuhi ile, kwa sababu ulikuwa mtoto. Mimi nilikuwepo kabla. Yule alifungua duka na baba yako, akakata vitambaa na baba yako, akalala mle ndani kulinda. Kila mwezi alikuja mlangoni kwetu akaulizia fungu lake. Baba yako alikuwa anacheka. Anamshika bega, anamwambia wewe ni ndugu yangu, kula kwangu, utapata tu. Miaka ilikwenda hivyo. Siku ya mwisho alikuja mke wake, mimba imemfika shingoni. Baba yako akacheka na yeye pia."

"Hujawahi kuniambia haya."

"Baba yako alikuwa hai. Na wewe hukuuliza, ulikuwa unasimulia." Bibi akashusha miguu. "Mimi sijui biashara. Ila wewe unasema baba yako aliibiwa kwa sababu alimwamini mtu. Mimi naona aliibiwa kwa sababu hakumlipa. Wewe unawalipa watu wako, hilo nakupongeza. Halafu unawatendea kama wameshaiba."

Jicho hakupiga simu. Lakini Fundi aliporudi alikuta mto wake na shuka vimewekwa kwenye kochi, vimekunjwa vizuri, kikazi.

Mwisho wa mwezi waliaga kama walivyoahidi. Jicho aliajiri wengine, wakaja na nyuso zilizofungwa, na kiwanda kikaendelea. Fundi mpya wa mashine alimtoza pesa ambazo wa zamani hakuwahi kuzitaja. Hospitali ikabaki naye. Hoteli mbili zikahamia ghalani. Nyumbani yeye na Fundi walipeana salamu, wakapeana chumvi, wakazungumza kupitia kwa binti yao kama watu walioshika simu mbovu.

Kitu kimoja alikiona mapema, na hakukisema: Fundi alikuwa ameanza tena kula nyumbani. Kwanza kidogo, kisha sahani nzima, kisha akaongeza. Na alikuwa ameacha kusimulia habari za sinia.

Jioni moja, binti na Bibi wakiwa wamekwenda kumtazama jirani mgonjwa, Fundi alisimama kwenye mlango wa jikoni, mikono nyuma.

"Mablanketi ya hoteli yanapungua," alisema.

"Pole." Jicho alikuwa amezisubiri habari kama hizo kwa wiki nyingi, na sasa zimefika akashangaa kuwa hazina utamu. "Mangapi?"

"Hatujui vizuri. Ndiyo tatizo. Tunatoa, tunapokea, hoteli inasema haya si yote." Alivuta pumzi. "Kila mtu anamwangalia mwenzake. Wameanza kuja na bakuli zao. Kila mtu anakula pembeni." Aliyasema haya kama anayetoa taarifa ya msiba. "Nani anachukua?"

"Unaniuliza mimi?"

"Wewe unaona. Mimi nikiwatazama naona watu ninaowapenda tu."

Angeweza kusema mengi. Angeweza kumuuliza wale wakurugenzi wote wako wapi. Alifunga bomba la maji.

"Wenzako watanikubali?"

"Nimewauliza. Mama Pasi amesema uje, lakini usianze na mablanketi."

"Nianze na nini?"

"Mke wangu," Fundi alisema, "unajua."

Alikwenda siku iliyofuata, asubuhi. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, na kila alipoyapanga yaligeuka kuwa tangazo la ukutani. Ghala lilikuwa kimya. Watu walikuwa wameketi mbali mbali, kila mmoja na shughuli yake, na bakuli zilikuwa zimepangwa dirishani zikiwa na vifuniko. Mama Pasi alikuwa anapiga pasi vitambaa vya meza. Hakuizima.

"Mama Pasi."

"Naam."

"Ile siku ya getini." Jicho alisogea karibu na meza ya pasi. "Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi. Niliona unavyoomba, na niliona kwamba unaomba kweli. Nikasema taratibu ni moja kwa wote. Haikuwa taratibu. Nilitaka watu waogope. Halafu mashuka yakapatikana, na mimi nikakaa kimya. Nimekukosea. Nisamehe."

Mvuke ulipanda kati yao. Mama Pasi alimaliza pembe ya kitambaa, akakikunja mara mbili, akakilaza juu ya vingine.

"Nimesikia," alisema. Kisha, baada ya kunyoosha kingine: "Huyo Fundi wetu amekuambia habari za mablanketi?"

Hakusema amesamehe, na Jicho hakumuuliza.

Kuanzia hapo ilikuwa kazi anayoiweza. Aliuliza nani anapokea, nani anafunga mizigo, nani anapakia. Hakuna aliyekuwa na jibu moja. Kila kitu kilifanywa na yeyote aliyekuwa karibu. Fundi alikuwa akimfuata nyuma akieleza, na kila alichoeleza kilikuwa aibu yake mwenyewe. Jicho hakumkamia. Alikuwa akiwatazama watu. Wote walimkunjia uso, kama zamani, na uso uliokunjwa haukumtisha; aliufahamu. Mtu mmoja tu ndiye aliyemtabasamia. Taratibu alikuwa amekwisha kumletea kiti, na maji ya kunywa, na alikuwa akimwambia jinsi walivyomkumbuka.

"Unatoka saa hizi?" Jicho alimuuliza.

"Naipeleka mizigo ya hoteli, bosi. Nikirudi tutaongea."

"Siku hizi unakwenda na nani?"

"Peke yangu. Hapa tunaaminiana." Akacheka.

"Leo nitapanda na wewe."

Mkono wa Taratibu uliokuwa umeshika ufunguo wa gari walilokodi ulisimama kidogo tu, kama mtu aliyesahau anachotaka kusema. "Kiti cha mbele kimechanika, bosi. Utachafuka."

"Mimi ni dobi," alisema Jicho.

Waliondoka. Taratibu aliendesha kama jina lake, akasimulia habari za barabara, za bei ya mafuta, za matuta mapya, maneno yakimtoka mfululizo. Walipita soko, wakapita uwanja wa mpira. Kwenye kona moja ya mtaa wa nyumba za kupanga, mahali pasipo na tuta wala taa, gari lilipunguza mwendo lenyewe, kama limezoea kusimama hapo. Kisha Taratibu akakanyaga mafuta na likaendelea. Maneno yalikuwa yamemwishia.

"Leo hatusimami?" Jicho aliuliza.

Taratibu alikwenda mbele kidogo, akaegesha kando, akaacha injini ikinguruma. Alikuwa anatazama mbele.

"Ulikuwa unayauza?"

"Mengine." Sauti ya asali ilikuwa imetoweka, iliyobaki ilikuwa nyembamba, ya mtu wa kawaida. "Matatu yapo hapo nyumbani. Watoto wanajifunika."

"Kwa nini?"

"Sijapata pesa tangu tuanze, bosi. Si mimi tu, wote. Wao walikubali wangoje mpaka mashine zijilipe. Wana waume, wana wake wanaouza sokoni. Mimi mke wangu yuko nyumbani na mtoto mchanga. Nilimwendea Fundi. Si mara moja. Ananishika bega, anacheka, ananiambia sisi ni ndugu, ukiwa na njaa njoo tule. Nakula, kweli. Nashiba." Alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Lakini wanangu hawafiki kwenye lile sinia."

Jicho alikaa na mkoba wake mapajani. Alikuwa amemkamata mwizi, na kwa mara ya kwanza maishani hakuona pa kuiweka ile furaha. Alimfikiria mtu mwingine, aliyesimama mlangoni kwa baba yake kila mwezi, na baba akimshika bega. Uso wake hakuukumbuka. Alikuwa mtoto, hakuwa amemtazama.

Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alikuwa ametoka kwenye nyumba ya kona, akalitazama gari kwa wasiwasi.

"Mwambie alete yale matatu," Jicho alisema. "Watoto nitawatafutia mengine kwangu, yasiyo ya mtu."

"Utawaambia wenzangu?"

"Tutawaambia. Hawawezi kuendelea kuangaliana vile." Alifungua mlango wa upande wake, kisha akaufunga tena. "Hayo uliyoyauza utayakatwa polepole. Lakini kwanza lazima kuwe na mshahara wa kukatwa, na hilo Fundi atalisikia leo, mbele ya watu wote, akicheka au asicheke."

"Atakasirika."

"Mimi ndiye ninayelala naye nyumba moja." Aliangalia saa. Hoteli ilikuwa inasubiri mizigo. "Tukirudi, tuingie pamoja. Wewe utaanza kusema ya mshahara, mimi nitafuata na ya mablanketi."

Taratibu alishuka, akamwendea mkewe. Jicho alibaki garini, akimtazama mgongoni mpaka alipoingia ndani, na alipochelewa kidogo kutoka, mkono wake ulikwenda kwenye ufunguo wa gari, ukauzungusha, ukauchomoa.